Kuchangia boti ya kuvua sangara kutoka Entebbe: ya kukubaliana kabla injini haijawashwa

Kukodi boti ya uvuvi wa burudani peke yako ni gharama ambayo wachache wanaimudu, ndiyo maana watu huchanga. Wanne, watano au sita wanalipia boti moja, wanaondoka Entebbe, Munyonyo au Ggaba, upande wa Uganda, alfajiri, wanakokota chambo kandokando ya visiwa vya Ziwa Victoria, na mchana wanarudi na sangara au na uso uliobabuka kwa jua tu. Sangara huyo ndiye mputa wa Waganda na mbuta wa upande wa Kenya. Mwongozo huu ni wa mtu anayepanda boti ya mchango kwa mara ya kwanza, pengine na wenzake asiowafahamu.

Samaki haahidiwi. Vinavyoweza kupangwa ni pesa, zamu, usalama na mgao, na hivyo ndivyo vinavyoharibu siku visipopangwa. Ugomvi wa majini karibu wote huanzia nchi kavu.

Pesa kwanza

Wenye boti hutoza kwa namna mbili. Wengine wanakupa bei ya boti nzima, kwa nusu siku ya saa tano au sita au kwa siku nzima ya saa nane hadi kumi, na ninyi mnajua wenyewe mtakavyogawana. Wengine wanauza kiti kimoja kimoja na kuijaza boti wao. Tofauti utaiona pale mtu asipotokea. Tuseme boti nzima ni shilingi 1,500,000 na mko watano: kila mmoja 300,000. Mmoja akizima simu usiku wa kuamkia safari, wanne mliobaki mnadaiwa 375,000 kila mmoja, wala nahodha hana kosa, maana mafuta yameshanunuliwa. Kwa hiyo pesa zote zikusanywe kwa simu siku mbili au tatu kabla, kwa mtu mmoja mnayemwamini, na ambaye hajalipa kufikia hapo nafasi yake apewe mwingine bila kuoneana haya. Kwenye boti ya viti uliza jambo jingine: viti visipojaa, safari inaahirishwa au waliopo wanaongezewa bei?

Kabla hujatuma hata shilingi, pata majibu ya haya kwa maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa WhatsApp:

Mafuta yamo ndani ya bei, na yanatosha mpaka wapi? Kutoka Entebbe hadi Kisiwa cha Ngamba ni kama kilomita 23. Mkiamua mkiwa majini kwamba mnataka kusogea mpaka Koome au visiwa vya Ssese, hesabu inabadilika, na nahodha mwenye akili atakataa au atadai nyongeza.

Nani analeta fimbo, chambo, barafu, maji ya kunywa na chakula? "Kila kitu kipo" si jibu. Mwambie ataje kimoja kimoja.

Kibali cha uvuvi kimelipiwa na nani? Msikubali kuambiwa kwamba hakihitajiki kwa kuwa mnakwenda kustarehe tu. Mwaka 2017 jeshi la Uganda liliunda kikosi cha kulinda uvuvi kwenye maziwa, na doria hazibagui mwenye nyavu na mwenye fimbo ya bei mbaya.

Hali ya hewa ikichafuka, nani anaamua, na pesa inarudi au inahamia siku nyingine? Mwamuzi awe nahodha peke yake. Boti ambayo abiria wanaweza kumshinikiza nahodha atoke kwenye upepo kwa sababu "tumeshalipa" si boti ya kupanda.

Chambo bandia kikipotea kinalipwa na nani? Hili watu hulicheka mpaka wapelekewe bili. Chambo cha plastiki au mbao kinachozama mita tano au sita ni ghali, na miamba ya kandokando ya visiwa inavila vyambo hivyo kila wiki. Makubaliano ya haki ni haya: kilichoondoka na samaki au kilichonasa mwambani ni hasara ya boti, kilichopotea kwa sababu abiria alifunga fundo lake mwenyewe au aliikaza breki ya rili (kigurudumu cha kukunjia mshipi) baada ya kuambiwa asiiguse, analipa abiria.

Mwisho, samaki ni wa nani? Kuna boti ambazo samaki wote ni wa wateja, kuna zinazogawana nusu kwa nusu, na kuna ambazo mnapewa mlo wa siku hiyo na wanaobaki ni wa mwenye boti. Zote ni halali mradi mmejua mapema. Ulizia pia bondo, kile kifuko cha hewa cha tumboni ambacho Uganda kinaitwa enuuni. Bondo la sangara mkubwa hununuliwa kwa bei inayoweza kuipita ile ya nyama yake, na anayepasua samaki gatini kwa kawaida analijua hilo vizuri kuliko mgeni. Mkitaka kumwachia baharia kama bahashishi, mwachieni kwa kujua.

Kuhusu idadi, mtangazaji atakwambia boti inabeba wanane. Inaweza kuwabeba, ila kuvua ni kitu kingine. Boti ya mita saba hivi inakokota mishipi minne bila kusokotana. Ukiongeza wa tano, kila kona itakuwa kazi ya kufumua mafundo. Mkiwa wanne kila mtu ana mshipi. Mkiwa sita, wawili wanakaa tu wakati wote. Zaidi ya hapo mnalipia matembezi, na matembezi yana boti za bei nafuu zaidi.

Boti na nahodha

Nenda ukaione boti siku moja kabla ikiwezekana, au fika nusu saa mapema. Novemba 2018 chombo cha starehe kilizama upande wa Mukono, si mbali na ufukwe, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kilikuwa kimejaza kupita kiasi na hakikuwa na leseni. Maji yaliyowaua yalikuwa karibu na nchi kavu, kwa hiyo usikubali neno "hatuendi mbali" likupunguzie ukaguzi.

Anza na majaketi ya uokozi. Yahesabu; yawe sawa na watu wote, mabaharia wakiwemo. Livae lako, funga vifungo vyote, halafu mwambie mwenzako alivute juu kwa kushika mabegani. Likipanda mpaka masikioni, limekuzidi au mikanda imelegea, na majini litakuvuka. Libonyeze: povu lililovunjikavunjika au linalobaki limebonyea limeisha kazi. Mtoto apate la saizi yake. La mtu mzima lililokazwa kwa kamba halimfai. Filimbi iwepo. Jaketi huvaliwa gatini na kuvuliwa gatini, hata anayejua kuogelea, kwa sababu anayegonga kichwa kwenye ukingo wa boti haogelei.

Kisha tazama nyuma. Injini mbili ni bora kuliko moja kubwa. Kama ni moja, pawepo na ndogo ya akiba inayowaka kweli. Iwashwe uione. Nahodha awe amefunga mwilini kile kikamba cha kuzima injini akianguka. Mafuta yagawanywe kwa mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, moja la dharura lisiloguswa. Swali la adabu ni hili: "Nahodha, leo tumebeba lita ngapi, na za akiba ziko jerikeni gani?" Anayejibu kwa kuonyesha kwa kidole ni wa kwenda naye. Ongeza nanga yenye kamba ndefu, pampu au kopo la kukombea maji, kizima moto, kisanduku cha huduma ya kwanza na kasia. Nyuma ya visiwa mtandao wa simu hukatika, kwa hiyo uliza wana njia gani nyingine ya kuwasiliana.

Mwachie mtu wa nchi kavu jina au namba ya boti, namba ya nahodha, upande mnaokwenda na saa ya kurudi. Mkikawia saa mbili bila taarifa, apige polisi kwa 999 au 112 na aombe kikosi cha majini.

Upepo wa ziwa hili

Aliyezoea bahari akija Victoria anafurahi kwamba hakuna kujaa na kupwa, halafu anashangazwa na mawimbi. Ziwa lina upana wa kutisha, karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake ni kidogo, wastani wa mita 40 na pale penye kina kirefu kabisa kama mita 80. Wimbi linakuwa fupi na lililosimama, moja juu ya jingine, na boti inagonga badala ya kupanda na kushuka. Mwenye maumivu ya mgongo akae nyuma karibu na tezi, asikae omo, yaani mbele. Mjamzito asiende.

Saa zina mantiki yake. Usiku maji huwa na joto kuliko nchi kavu, hewa inatoka pande zote kuelekea ziwani, inakutana na kupanda juu, na hapo ngurumo huzaliwa. Ndiyo maana dhoruba kali za ziwa hupiga usiku wa manane mpaka asubuhi. Mchana mambo yanageuka: nchi kavu imepata joto, upepo wa kusini unavuma kutoka ziwani kuja Entebbe, na kuanzia kama saa 6 au 7 mchana maji yanachafuka. Nafasi nzuri ni kutoka saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 5, siku ambayo dhoruba ya usiku imeshapita au haikuwepo. Sangara naye hula vizuri asubuhi na jioni, kwa hiyo safari ya nusu siku ya asubuhi ina thamani kuliko ya siku nzima kwa mgeni wa kwanza. Saa za mchana za siku nzima mara nyingi ni za kuungua na jua.

Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mvua ni nyingi. Juni hadi Agosti mvua inapungua lakini pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu, na watu wengi hujidanganya kwamba anga safi ni ziwa tulivu. Soma utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Uganda jioni iliyotangulia. Alfajiri tazama kusini: ukiona umeme unamulika, subirini. Mkiwa majini, ukuta wa wingu jeusi, utulivu wa ghafla kisha upepo baridi maana yake ni kukunja mishipi sasa hivi. Ukiona mmweko ukahesabu sekunde 30 au pungufu kabla ya ngurumo, radi iko ndani ya kilomita kumi. Fimbo zilazwe chini, kwa kuwa nyingi zina kaboni na hupitisha umeme, kila mtu akae chini katikati, na boti itafute kisiwa. Msitoke tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Mkoba

Jua la ziwa hili ni la ikweta, kama mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na maji yanalirudisha usoni kutoka chini. Shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba kidevuni, miwani inayokata mng'ao, mafuta ya kuzuia jua yapakwe nusu saa kabla ya kutoka. Koti jepesi la mvua. Viatu vya soli ya mpira isiyoteleza. Ndoana sakafuni ni jambo la kawaida, kwa hiyo pekupeku hapana. Glavu za kushikia samaki. Maji lita mbili kwa kila mtu, kwani ya ziwani hayanyweki. Simu iingie kwenye mfuko usiopitisha maji.

Chakula kiwe cha kushika kwa mkono. Rolex (chapati iliyoviringishiwa mayai) iliyofungwa vizuri inafaa kuliko wali. Manahodha wa baharini katika nchi nyingi wanaamini ndizi ndani ya boti hufukuza samaki. Nchini Uganda imani hiyo ingemwacha mtu na njaa, bebeni ndizi zenu.

Kichefuchefu humpata hata mtu shujaa. Dawa yake humezwa kabla ya safari. Ukishaanza kutapika umechelewa. Muulize mfamasia, na umwambie dawa nyingine unazotumia, maana nyingi za kundi hili huleta usingizi. Usiku uliotangulia acha pombe kali kama waragi na vyakula vya mafuta mengi. Ukianza kujisikia vibaya tazama mstari wa mbali ambapo ziwa linakutana na anga, sogea nyuma, usitazame simu, na kaa mbali na moshi wa injini. Kutapika ni upande unakoelekea upepo.

Choo hakipo kwenye boti nyingi za aina hii. Wanawake wanaliuliza hili kimoyomoyo, nalo linastahili kuulizwa wazi: boti itasimama kisiwa gani, saa ngapi?

Zamu ya fimbo

Huu ndio moyo wa boti ya mchango. Pigeni kura gatini, namba moja mpaka ya mwisho. Njia inayoleta amani ni zamu ya samaki badala ya zamu ya fimbo: fimbo yoyote ikipigwa, namba moja anaichukua, akimtoa samaki au akimpoteza, zamu inahamia kwa namba mbili. Zamu ya kumiliki fimbo inaonekana ya haki lakini siyo, kwa sababu mara nyingi mshipi mmoja wenye chambo sahihi kwenye kina sahihi ndio unaopigwa asubuhi nzima, na mwenye fimbo ya upande wa pili anazeeka hapo alipokaa.

Kubalianeni pia kwamba samaki aliyepotea anahesabiwa zamu, ila aliyegusa na kuachia ndani ya sekunde chache hahesabiwi. Samaki mdogo wa chini ya sentimita 50 naye hahesabiwi. Mtoto au mzee akichoka, anaweza kumkabidhi fimbo mtu aliyemchagua tangu gatini, na zamu ya huyo mtu haipotei. Yaandikeni. Inaonekana ni utoto mpaka kilo 30 zinapokuwa upande wa pili wa mshipi.

Kukokota, na samaki anapopiga

Nahodha atapita polepole, kilomita nne hadi sita kwa saa, kando ya miamba inayoshuka ghafla kuzunguka visiwa. Sangara mkubwa huvizia pale ambapo kina kinabadilika. Mishipi hutolewa kwa urefu tofauti, tuseme mita 20 na 25 ya pembeni, 35 na 40 ya katikati, ili boti ikikata kona isisokotane. Mshipi wa nguvu ya kilo 23 unatosha kwa wengi. Mwisho wake ufungwe kipande kinene cha kilo 36 hadi 45, kwa sababu meno ya sangara ni madogo lakini yanakwaruza kama msasa, na kifuniko cha matamvua yake kinakata.

Breki ya rili ipimwe kwa mizani ya kuning'iniza, robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 23 ni kilo 6 au 7. Ikishapimwa, abiria asiiguse tena. Samaki wengi wa kwanza hupotea kwa sababu mtu aliogopa alipoona mshipi unakwenda, akaikaza.

Boti nyingine huelea kwa upepo injini ikiwa imezimwa na kutumia chambo hai. Hapo pana mtego wa kisheria: ngege (tilapia) wa chini ya sentimita 28 ni samaki asiyekomaa, na kumiliki samaki asiyekomaa ni kosa hata ukisema ni chambo. Nkejje (samaki wadogo wa ziwani) au chambo bandia hukuepusha na maelezo marefu mbele ya doria.

Fimbo ikipinda, utaratibu ni huu:

1. Mwenye zamu aichukue fimbo na kuielekeza juu kwa pembe ya kama nyuzi 45. Asiivute kwa kishindo. Boti inayoendelea kwenda ndiyo inayozamisha ndoana.
2. Wengine wote wavute mishipi yao ndani haraka. Anayeacha wake kwa matumaini ya samaki wa pili ndiye atakayekatisha wa kwanza.
3. Nahodha apunguze mwendo baada ya sekunde chache, akibaki na mwendo kidogo ili mshipi usilegee.
4. Samaki akikimbia, usizungushe rili; mwache achukue. Akisimama, inua fimbo taratibu, kisha ishushe huku ukizungusha. Inua, shusha na zungusha.
5. Sangara huja juu, huruka na kutikisa kichwa. Akiruka, inamisha ncha ya fimbo, lakini mshipi usilegee.
6. Akiiona boti ataporomoka tena chini, mara nyingi kuelekea propela. Zamisha ncha ya fimbo majini na uizungushe kumfuata. Nahodha aweke injini huru au aiinue.
7. Baharia ndiye anayeingiza wavu, kichwa kwanza. Hakuna mwingine anayeshika mshipi, na hakuna kabisa anayeuzungusha mkononi. Vidole hukatika hivyo.

Kinachoharibika mara nyingi ni namba 2 na namba 4. Namba 7 huharibika mara chache, lakini ndiyo inayopeleka watu hospitali.

Jambo moja kuhusu nyavu: ziwa limejaa jerikeni zinazoelea kuonyesha nyavu na kamba ndefu za ndoana za wavuvi. Boti izunguke, isipite katikati. Chambo kikinasa kwenye wavu wa mtu, simamisheni boti, kinasueni bila kukata, na msitoe samaki aliyemo hata kama ni mmoja. Gugumaji nalo huziba njia ya maji ya kupozea injini. Injini ikiwasha taa ya joto au maji yakiacha kutoka nyuma, zimeni kwanza ndipo msafishe.

Kupima na kurudisha

Vipimo vinavyotawala sangara wa Victoria ni sentimita 50 hadi 85. Chini ya 50 hajazaa, na kumiliki ni kosa. Juu ya 85 mara nyingi ni majike wazazi, na mvuvi wa burudani hana sababu ya kumuua. Kwa makadirio, wa sentimita 50 ana uzito wa kilo moja na nusu hivi, wa 85 kilo nane, wa mita moja kilo 13. Kwa hiyo anayekuambia alipata wa kilo 40 mwenye urefu wa mita moja, mpongeze tu. Rekodi ya dunia ya aliyevuliwa kwa fimbo ni kilo 104, kutoka Ziwa Nasser, Misri, mwaka 2000.

Wa kurudishwa asining'inizwe kwenye mizani. Mpime kwa utepe: mzingo wa mwili mara mzingo mara urefu, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 29,000, unapata kilo. Mwenye mzingo wa 80 na urefu wa 110 ana kilo 24. Mikono iwe imelowa, mmoja umshike mdomo wa chini kwa glavu na mwingine chini ya tumbo. Mapezi ya mgongo yana miiba, na shavu lina ukingo mkali. Picha moja, mbili, arudi. Mshike wima majini boti ikienda polepole mpaka apige mkia mwenyewe. Aliyetolewa kina kirefu tumbo lake huvimba kwa hewa iliyotanuka. Asichomwe, arudishwe haraka.

Wa kuliwa aingie barafuni papo hapo, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Msikate minofu mkiwa majini. Samaki abaki mzima na kichwa chake mpaka nyumbani, kwa sababu ukisimamishwa barabarani na maafisa wa uvuvi minofu haiwezi kupimwa urefu, na mzigo usiopimika huzua maswali.

Mgao upimwe kwa mizani, usikadiriwe kwa macho. Nusu ya uzito au zaidi itabaki kichwani, mifupani na ngozini, kwa hiyo sangara wawili wa kilo sita kwa watu watano ni kama kilo moja ya minofu kwa kila mmoja. Kichwa kina mchuzi mzuri kuliko minofu yenyewe na watu huking'ang'ania, apewe aliyemvua.

Mto Nile, na kwenda pwani

Wanaotaka sangara mkubwa wa mtoni huenda Murchison Falls. Huko ni hifadhi: kibali hutolewa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, samaki anarudishwa majini, na mamba na viboko wanafanya kusimama ukingoni bila askari wa hifadhi kuwa ni upumbavu. Wanaokwenda Kenya, Watamu au Malindi, watakuta boti za mchango za kuvua samaki wa bahari kuu kama mbasi na sulisuli. Mambo ya pesa na zamu ni yaleyale. Yanayobadilika ni saa za maji kujaa na kupwa, chumvi inayokula rili isiposuuzwa jioni ileile, na pepo za kaskazi na kusi zinazoamua msimu.

Baada ya kurudi

Kichocho kiko ziwani, hasa kwenye maji ya kina kifupi yenye majani na konokono, yaani palepale watu wanapopenda kushuka kuisukuma boti au kuogelea mchana. Shukeni kwenye gati. Kama ulilazimika kuingia majini hata kwa miguu tu, jikaushe mara moja kwa taulo, na baada ya wiki kama nane kapime kituo cha afya. Ukikutwa nacho, dawa ni prazikwanteli, na dozi yake hupimwa kwa uzito wako.